Namba Mbili Zisizotajwa

Kabla ya mwaka 2018, neno "kikokotoo", yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, lilikuwa la wahasibu. Katika kata kama Nyambureti, upande huu wa Mara, wilayani Serengeti, mtumishi aliyekaribia miaka 60 alizungumzia kiinua mgongo, na aliyemsikiliza alielewa bila kuuliza: mabati, saruji, pengine mashine ya kusaga, ng'ombe wachache, na kiwanja Mugumu kama pesa itatosha. Leo mwalimu wa miaka 40 anaijua kanuni hiyo kwa kichwa, anajua tarehe zilizobadilishwa na waziri aliyezitangaza. Nimeufuatilia mjadala huu tangu ulipokuwa minong'ono hadi ulipofika majukwaa ya Mei Mosi, na kadiri ninavyoukumbuka ndivyo ninavyoamini kwamba tumekuwa tukibishana juu ya kitu kisicho chenyewe. Tumeambiwa ni suala la wastaafu kuishi muda mrefu, tukaambiwa pia ni suala la asilimia. Mimi nasema ni suala la deni la zamani, na kwamba waliotakiwa kulilipa ni watu ambao hawakulikopa.

Kuielewa hoja hiyo lazima turudi nyuma, kwa sababu watumishi wa halmashauri hawakuanza safari moja. Mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, ambao baadaye tuliujua kama LAPF, ulizaliwa mwaka 1944 enzi za Mwingereza, ukiwa mfuko wa akiba. Mtumishi alichangia, mwajiri akachangia, na siku ya kuondoka alichukua chake chote na faida yake. Hapakuwa na pensheni ya kila mwezi. Halmashauri zenyewe zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena 1984, lakini wazo la akiba inayotoka yote kwa pamoja lilidumu hadi miaka ya 2000, sheria ya mwaka 2006 ilipoufanya mfuko huo kuwa wa pensheni. Kwa mtendaji wa kijiji au karani wa halmashauri, basi, mkupuo haukuwa anasa aliyozoeshwa na serikali. Ilikuwa ndiyo sura pekee ya mafao aliyoijua, na alikuwa ameichangia kwa mshahara wake. Mgawanyo uliofuata, wa nusu kwa mkupuo na nusu kwa mwezi, ulikuwa tayari ni hatua aliyorudi nyuma, na aliukubali bila maandamano.

Mwalimu wa shule jirani alikuwa na historia nyingine. Yeye alihesabiwa mtumishi wa serikali kuu, ingawa mshahara wake ulipitia halmashauri ile ile na karatasi zake zilikaa kwa afisa utumishi yule yule. Chini ya sheria ya pensheni ya mwaka 1954 hakukatwa kitu. Ahadi ilikuwa kwamba Hazina itamlipa akistaafu. Mwaka 1999 ilitungwa sheria iliyoanzisha PSPF, na kuanzia Julai mwaka huo mtumishi akaanza kukatwa asilimia 5, mwajiri akiweka 15. Hapo ndipo shimo lilipochimbwa. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1975 na kustaafu 2010 alilipwa na mfuko mafao ya miaka 35, wakati michango yake mfukoni ilikuwa ya miaka 11 tu. Miaka 24 iliyobaki ilikuwa deni la Serikali. Zidisha kwa maelfu ya walimu, wauguzi, askari na makarani wa nchi nzima, halafu jiulize fedha za kuwalipa zilitoka wapi. Zilitoka kwenye michango ya vijana waliokuwa bado kazini. Deni hilo la kabla ya 1999 lilikuja kutajwa hadharani kuwa Sh trilioni 4.46, na mwishoni mwa 2021 Serikali ilitoa hatifungani isiyo taslimu ya Sh trilioni 2.17 kulipunguza. Serikali hailipi trilioni mbili kwa deni ambalo halipo.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2018 ina uzito kuliko inavyopewa. Kuanzia Agosti 1 mwaka huo, mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilimezwa na mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Hoja ya kupunguza gharama za kuendesha mifuko mingi ilikuwa nzuri, na sioni aibu kuisifu: hapakuwa na sababu ya watumishi wawili wanaolipwa na mkurugenzi mmoja kuwa na mifuko miwili yenye majengo na bodi mbili. Lakini kuunganisha mifuko ni kuunganisha pia madeni. Kanuni zilizofuata zilileta mkupuo wa asilimia 25, na nchi ikalipuka. Naikumbuka Desemba ile kwa sababu ndiyo mara ya kwanza niliposikia hesabu ya pensheni ikijadiliwa na watu wasio na mstaafu nyumbani. Tarehe 28, Rais Magufuli aliwaita Ikulu viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wakuu wa mifuko, akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika hadi 2023. Watu walishangilia. Wachache walikumbuka kwamba kuahirisha si kufuta, na kwamba shimo lilibaki pale pale.

Kanuni mpya haikungoja 2023. Ilianza Julai 1, 2022, na mkupuo wa asilimia 33. Hapa naomba msomaji achukue kalamu, kwa sababu hoja yangu yote imo katika hesabu hii. Chukua mtumishi wa Nyambureti anayestaafu kwa mshahara wa Sh 1,000,000 kwa mwezi, yaani Sh 12,000,000 kwa mwaka, baada ya kuchangia miaka 30, ambayo ni miezi 360. Tuuchukulie mshahara huo huo katika kanuni zote ili tulinganishe sawa kwa sawa. Kanuni ya zamani ilisema: gawanya kwa 540, zidisha kwa miezi, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Unapata pensheni ya mwaka ya Sh 8,000,000. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5 kuwa mkupuo: Sh 62,000,000. Nusu nyingine inabaki kuwa pensheni, kama Sh 333,000 kwa mwezi. Kanuni ya 2022 inagawanya kwa 580 badala ya 540, na inazidisha kwa 12.5 badala ya 15.5. Mkupuo unakuwa kama Sh 30,700,000, na pensheni kama Sh 416,000 kwa mwezi. Amepoteza zaidi ya milioni 31 mkononi, akaongezewa Sh 82,500 hivi kila mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie alichopoteza anahitaji miezi 379, yaani miaka 31 na nusu. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atarudishiwa chake akiwa na 91, na hapo hatujahesabu bei za vitu, ambazo hupanda huku pensheni ikingoja huruma ya bajeti.

Sasa tazama kilichofanya kazi hiyo. Kama wangebadilisha asilimia peke yake, kutoka 50 kwenda 33, na kuziacha 540 na 15.5 kama zilivyokuwa, mkupuo ungekuwa karibu Sh 40,900,000 na pensheni Sh 446,000 hivi. Maana yake ni kwamba milioni 10 zaidi zilitoweka kwa sababu ya namba mbili ambazo hakuna aliyezitaja kwenye mabango ya Mei Mosi. Na tofauti na asilimia, namba hizo hazihamishi fedha kutoka mkupuo kwenda kwenye pensheni. Asilimia ikishuka, unachopoteza huku unapata sehemu yake kule. Lakini 580 inapunguza huku na kule kwa pamoja, na 12.5 inapunguza mkupuo bila kuongeza hata senti kwenye pensheni. Hayo ni makato, na makato ya namna hiyo hufanywa na mfuko unaoziba pengo. Mfuko usio na pengo, ukitaka tu kumlinda mstaafu na uzee mrefu, ungebadilisha mgawanyo na kuishia hapo.

Wanaotetea kanuni hii wana hoja ambazo si za kubezwa. Ya kwanza ni kwamba watu wanaishi zaidi, na mfuko lazima uwe endelevu. Nakubali kwamba mfuko unaofilisika haumsaidii mtu. Lakini namba ile ya kuzidishia ilielezwa kwa wafanyakazi kuwa ni makadirio ya miaka ya kuishi baada ya kustaafu. Ikiwa tunaishi zaidi, imeshukaje kutoka 15.5 hadi 12.5? Hoja ya pili ni ya kimaadili: wastaafu hutapanya, hutapeliwa, huoa wake wa pili, na baada ya miaka miwili hawana kitu. Wapo, kila kijiji kinaweza kumtaja mmoja. Hata hivyo kijiji hicho hicho kina nyumba ya bati, duka na mtoto aliyemaliza chuo, vyote kwa kiinua mgongo, na hivyo havitajwi kwa sababu mafanikio hayana masimulizi. Isitoshe, mbunge hulipwa kiinua mgongo chake kila muhula unapomalizika, wala sijasikia kanuni ya kumlinda dhidi ya kutapanya. Hoja ya tatu ndiyo nzito: wapo walionufaika. Wanachama waliokuwa wakilipwa mkupuo wa asilimia 25 walipandishwa hadi 33, na wastaafu wa zamani wenye pensheni ndogo ni ushahidi kwamba kiasi cha mwezi nacho ni muhimu. Ni kweli. Ila kuwainua wa chini kulihitaji fedha, si kuwashusha wenzao waliopanga maisha kwa ahadi nyingine. Na wanaosema vyama vilikubali katika mazungumzo ya utatu, Serikali, shirikisho la vyama vya wafanyakazi (TUCTA) na waajiri, wajiulize kwa nini wanachama wa vyama hivyo hivyo waliendelea kulia.

Halmashauri iko wapi katika haya yote? Hili ndilo badiliko ambalo halionekani kirahisi. Zamani mwajiri na mwenye mfuko walikuwa karibu karibu kitu kimoja, na mtumishi aliyekuwa na dukuduku alijua mlango wa kugonga. Leo halmashauri ya Serengeti pale Mugumu ndiyo mwajiri kwa jina, lakini mshahara unatoka Hazina, mchango unakwenda PSSSF, na kanuni inaandikwa Dodoma. Mkurugenzi hawezi kubadilisha hata nukta. Kilichobaki mikononi mwa halmashauri ni nauli ya mstaafu na ya kusafirisha mizigo yake, na faili: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda daraja. Wanaoyaona haya kuwa madogo hawajaona faili lenye barua iliyopotea. Katika kanuni inayogawanya kwa 580, kila mwaka wa utumishi usiothibitishwa unamkata mtu wetu wa mfano zaidi ya milioni moja ya mkupuo, mbali na pensheni. Kwa hiyo Baraza la Wafanyakazi, ambalo watumishi wengi hulichukulia kama kikao cha chai na posho, ndilo mahali pekee ambapo mtumishi bado anakutana na mwajiri wake uso kwa uso, na sheria ya majadiliano ya mwaka 2003 inampa haki hiyo.

Kelele zilifika. Mei Mosi 2024, sherehe za kitaifa zikiwa Arusha, kikokotoo kilikuwa miongoni mwa vilio vikuu, na mwezi uliofuata Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alitangaza bungeni kwamba waliokuwa wakipata asilimia 50 kabla ya mabadiliko watapata 40 badala ya 33, na waliokuwa wakipata 25 watapata 35. Mtu wetu wa Nyambureti alipanda hadi kama Sh 37,200,000, na pensheni ikashuka hadi Sh 372,000 hivi. Ni nafuu, na waliopigania wanastahili shukrani. Lakini rudia ile hesabu. Amebaki nyuma ya milioni 62 kwa karibu milioni 25, na karibu nusu ya pengo hilo, zaidi ya milioni 12, inatokana na zile namba mbili, ambazo hazikuguswa. Asilimia imejadiliwa vya kutosha. Mjumbe atakayetoka Nyambureti kwenda Mugumu kwenye kikao kijacho cha Baraza aombe jambo moja liandikwe kwenye kumbukumbu na kupelekwa juu: watumishi wanataka kuelezwa kwa maandishi kwa nini 540 ikawa 580, na kwa nini 15.5 ikawa 12.5.