Kome wa Baharini na Gego la Mtoto



Ndugu zetu wasomaji, sisi tuishio Naitiri, katika kaunti ya Bungoma, tuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Watoto wetu huujua muwa tangu wangali wadogo, lakini kome kwao ni jina tu. Hata hivyo, baada ya darsa ya akina mama, swali tuliloletewa lilikuwa la kome. Mama mmoja alisikia kwamba kumepatikana dawa ya kuotesha upya jino lililooza, itokanayo na wanyama wa gamba wa baharini. Akauliza: je, ni halali? Na je, aingojee kwa ajili ya mwanawe wa miaka minane, ambaye gego lake limetoboka?

Habari yenyewe ina asili ya kweli. Kome hukaa juu ya miamba ipigwayo na mawimbi, wala habanduki, kwa kuwa hujifunga kwa nyuzi zenye gundi ya protini. Mwaka 1981 Herbert Waite wa Marekani na mwenzake walieleza kwamba gundi hiyo ina kiungo kiitwacho dopa, kinachosaidia kushika hata palipolowa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern wakatengeneza utando unaoiga kazi hiyo. Kinywa nacho hakikauki, ndipo wataalamu wa meno wakavutiwa. Katika maabara, jino lililopakwa utando wa namna hiyo huvuta kalsiamu na fosfeti, madini ambayo hata mate yanayo, yakajipanga tena pale palipoanza kulika.

Wala gamba si geni kinywani. Mwaka 1931, huko Honduras, lilichimbuliwa taya la kale la Wamaya lenye vipande vitatu vya gamba mahali pa meno ya mbele. Picha za eksirei zilizopigwa miaka mingi baadaye zilionesha kwamba mfupa ulikuwa umeota kuvizunguka baadhi yake.

Ama kuhusu uhalali, sisi wafuasi wa Imam Shafi hatuna dhiki. Aya ya 96 ya Surat al-Maida imehalalisha vya baharini, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu humwingiza kome humo. Wenzetu wa Hanafi huhalalisha samaki tu, basi tusigombane nao. Aliye na mzio wa wanyama wa gamba, huyo na amweleze daktari kwanza.

Swali la pili ndilo zito. Kazi hizo bado ni za maabara. Hazijawa tiba ya kuotesha gego lililotoboka. Tabaka gumu la juu la jino, yaani enameli, halijijengi upya, kwa sababu seli zilizolijenga hupotea jino linapochomoza. Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Mzazi hulidhani la utoto, akasema litaanguka lije jingine. Halina jingine. La mtoto yule lilikuwa hilo hilo. Tulimwambia mama yake asingoje: jino likiwahiwa huenda likazibwa, likicheleweshwa hung'olewa.

Enyi akina mama, na akina baba pia, msiwaachie wao peke yao. Mswaki ni sunna iliyosisitizwa, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliuhimiza sana. Mtoto na apigishwe mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na cha punje ya njegere kwa aliyezidi. Floraidi husaidia madini kurejea jinoni kabla tundu halijafunguka. Muwa na peremende visiwe vya kutafunwa kutwa nzima, na soda isiwe kinywaji cha kila siku.

Elimu ya kome tuipokee kwa furaha, maana aliyeiweka hekima hiyo ndani ya kiumbe mdogo ni Mwenyezi Mungu. Lakini mwili wa mtoto ni amana iliyo mikononi mwetu leo, na amana hailindwi kwa dawa ambayo haijafika.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Wallahu a'lam.