Barua kutoka Connecticut: Kiwewe cha Moyo Kilipopata Jina

Bridgeport ni mji wa bandari hapa Connecticut, na katika chuo kikuu chake alifundisha mwanasaikolojia Dorothy Tennov, aliyebuni neno limerence, kwa Kiswahili limerensi: hali ya kutekwa moyo na mtu mmoja na kutamani naye akupende. Kitabu chake kuhusu hali hiyo kilitoka mwaka 1979. Neno lenyewe halikuchimbwa kwenye Kilatini wala Kigiriki; alilitunga tu, likamkaa vizuri.

Tennov alihoji mamia ya watu, na wengi walimsimulia mambo yaleyale. Mtu mmoja ameteka fikra zao usiku na mchana. Akitokea, moyo unadunda na maneno yanapotea. Salamu ya kawaida inageuzwa ishara, na kasoro zake zinapambwa hadi zionekane sifa. Vijana wa Dar es Salaam wangesema wamemzimikia. Wazee wa pwani wangetaja ashiki.

Lakini wengine walimwambia hawajawahi kupatwa na kitu kama hicho, ingawa wamependa na kupendwa. Hapo ndipo penye uzito wa kazi yake: kiwewe hiki na mapenzi ni vitu viwili. Mwenye mapenzi humjali mwenzake. Mwenye limerensi hutaka, kuliko chochote, kupendwa naye pia.

Wazungumzaji wa Kiingereza huitofautisha pia na kuvutiwa kwa kupita, kule kwa wanafunzi wa sekondari kunakoisha kabla ya muhula kwisha. Limerensi hung'ang'ania. Tennov alikadiria kuwa mara nyingi huchukua kati ya miezi 18 na miaka 3. Leo washauri wa mahusiano hulitumia neno hilo, ingawa halimo katika orodha rasmi ya Marekani ya maradhi ya akili, na ni haki lisiwemo, maana wengi wanaopatwa na hali hiyo wanafanya kazi na kulea watoto kama kawaida.

Kinachoilisha limerensi ni tumaini lililochanganyika na mashaka. Ujumbe umesomwa, jibu halijaja; kesho linakuja tamu, keshokutwa kimya. Tennov aliona njia tatu za kuimaliza: kupendwa kwa hakika, kukosa tumaini kabisa, au moyo kuhamia kwa mwingine.

Basi, ndugu msomaji, ukijua kuna anayekuwaza hivyo nawe humtaki, usimpe nusu jibu kwa kumwonea huruma. Mwambie hapana, kwa upole na waziwazi, na umwambie mapema.