Picha Ina Mwenyewe

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize. Ukisikia mtu akitaja Turkana, ni picha gani inayokujia akilini? Nakisia ni ardhi iliyopasukapasuka, mizoga ya mifugo na mtoto ambaye mbavu zake zinahesabika. Picha hiyo hukuitunga wewe. Uliletewa hadi sebuleni na watu wa kazi yangu, sisi tunaozunguka na kamera begani.

Sisemi kwamba ni picha ya uongo. Ukame huja Turkana, na huua. Mwaka 2011, picha kama hizo ndizo zilizowafanya Wakenya wa kila tabaka, hata watoto wa shule, kuchanga mamia ya mamilioni ya shilingi katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Na Oktoba 1984, ni mzaliwa wa Nairobi, marehemu Mohamed Amin, aliyepiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, zilizouamsha ulimwengu mzima. Picha inaweza kuokoa maisha. Hilo halina ubishi.

Lakini Amin huyo huyo alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 1981, kitabu kizima cha picha kuhusu Ziwa Turkana na watu wa kandokando yake. Kumbe jicho moja linaweza kuiona njaa na pia kuyaona maisha! Swali ni je, sisi wengine tunaona nini tukifika huko?

Mimi nimekwenda Lodwar na Kakuma kwa kazi hii ya picha zaidi ya mara moja, na leo nataka nikusimulie niliyofunzwa na wenyeji.

Kwanza ujue kwamba jua la Lodwar si mchezo. Ikifika saa nne asubuhi, mwanga umekuwa mkali mno, na uso wa mtu aliyevaa kofia huwa kiza kitupu. Kwa hivyo mpigapicha huamka saa kumi na moja, akafanya kazi hadi saa tatu, kisha akatafuta kivuli kama kila mtu mwenye akili timamu. Na ni kivulini unakokutana na watu.

Chini ya mti mmoja karibu na mto Turkwel nilimkuta mzee ameketi juu ya ekicholong. Hiki ni kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho kokote aendako. Mchana hukikalia na usiku hulaza kichwa juu yake. Zamani, wanaume walipokuwa wakisuka nywele zao na kuzipaka udongo, kigoda hicho ndicho kilichozilinda zisiharibike usingizini. Cha mzee huyu kilikuwa kimeng'aa kwa miaka ya kushikwa, utadhani kimepakwa mafuta.

Nilimwomba nikipige picha kigoda chake, peke yake, juu ya mchanga. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya upili, alitafsiri. Mzee alicheka kwanza, kisha akatikisa kichwa.

"Ukikipiga picha bila mimi," akasema, "watu wa Nairobi watadhani mwenyewe amekufa."

Basi nikampiga picha akiwa amekikalia, fimbo mkononi, mbuzi wake wakipita nyuma. Ndivyo alivyotaka, na ndivyo ilivyokuwa.

Si mbali na hapo, sokoni, mama mmoja alikuwa akiuza vikapu vilivyosukwa kwa majani ya mkoma. Alipoiona kamera alinikazia macho. "Nyinyi huja mwaka wa ukame tu," akaniambia kwa Kiswahili safi. "Mvua ikinyesha, nyasi zikiota, mbuzi wakizaa mapacha, kamera zenu huwa wapi?"

Msomaji, ungemjibu nini? Mimi niliuliza bei ya kikapu, nikanunua, na tukazungumza juu ya kazi ya kusuka hadi jua likapungua. Picha niliyompiga baadaye ina vidole vyake vikivuta majani, na usoni ana ile hali ya fundi anayejua thamani ya kazi yake. Jina lake aliniandikia mwenyewe kwenye daftari, herufi kwa herufi, akanionya nisilikosee.

Ukiwa Lodwar, usiondoke bila kuiona nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta. Aliletwa hapo mwaka 1959 baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, na akakaa chini ya ulinzi hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Nyumba yenyewe ni ndogo, haina makuu. Nilipokuwa nikiipiga picha niliwaza hivi: mkoloni alimtenga mzee huyo mbali na watu, na mbali na kamera zao. Wanahabari waliporuhusiwa kukutana naye kule Maralal, Aprili 1961, uso wake ukawa habari tosha. Aliyenyimwa kuonekana alikuwa amenyimwa kitu kikubwa. Lakini anayeonyeshwa kila siku jinsi asivyotaka, je, naye hajanyimwa kitu?

Safari yangu ya pili nilibeba bahasha ya picha zilizochapishwa. Yule mzee wa kigoda aliishika picha yake kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu mno hata nikadhani haikumpendeza. Kumbe hakuwa akijitazama. Alikuwa akiwatazama mbuzi waliokuwa nyuma yake. Akaweka kidole juu ya mmoja mwenye madoadoa, akasema kitu kwa sauti ya chini. Mjukuu akatafsiri: "Huyu alikufa. Sasa nitakuwa naye."

Mimi nilipoipiga picha ile sikumjali mbuzi. Mwenyewe alimjali, na kwake picha ilikuwa ya mbuzi huyo.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Mji wa Kakuma uko kando ya Tarach, mto wa msimu ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na akina mama huuchimba kutafuta maji. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, walipowasili vijana waliokuwa wametembea kutoka Sudan, wakapitia Ethiopia, wakimbiao vita. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi na wengine wengi. Leo ukitembea humo utanusa kahawa ya Kihabeshi mtaa huu, na mtaa wa pili utasikia muziki wa Kongo ukitoka kwa kinyozi.

Humo niliikuta studio ya mabati. Mwenyewe ni kijana aliyelelewa kambini. Ukutani ametundika kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji na maua, na wateja wake hupanga foleni wakiwa wamevaa nguo zao bora. Hakuna anayekuja kupigwa picha akiwa na huzuni. Picha hizo hutumwa kwa simu kwa jamaa walioko Juba, Marekani au Australia, ili nao waone kwamba mtu wao yu hai na anapendeza.

Mama mmoja kutoka Kongo alikuwa na picha kuukuu iliyofungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Ni ya mumewe ambaye hajui aliko. Alikuwa akimwomba kijana wa studio aiunganishe na picha ya watoto, ili mdogo wao, ambaye hamkumbuki babake, amwone akiwa amesimama nao pamoja. Kijana aliifanya kazi hiyo kwenye kompyuta kwa utulivu, kama daktari anayefunga kidonda.

Nilimwomba mama huyo ruhusa ya kumpiga picha. Alikataa kwa upole. "Niliowakimbia nao wana simu," alisema. Nikafunga kamera yangu.

Unaona basi? Yule mama wa Lodwar alitaka jina lake liandikwe bila kosa. Huyu wa Kakuma hakutaka jina wala uso. Wote wawili wana haki, na hakuna kitabu cha upigaji picha kitakachokuambia nani anataka nini. Njia ni moja tu: uliza. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kuuliza ni nusu ya picha.

Na jina lina uzito wake. Awer Mabil, mwanasoka wa timu ya taifa ya Australia, alizaliwa Kakuma mwaka 1995. Mwanamitindo Halima Aden alizaliwa humo humo mwaka 1997. Rose Nathike Lokonyen, aliyeibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki za Rio mwaka 2016, alikulia kambini humo. Ni nani ajuaye kama mmoja wao hayumo katika picha fulani ya zamani iliyoandikwa chini yake maneno mawili tu: "watoto wakimbizi"?

Siku hizi, msomaji, kila mwenye simu ni mpigapicha. Unampiga nyanya yako kijijini akipepeta mahindi, unampiga jirani akilia matangani, unampiga yaya jikoni, na kabla maji hayajachemka dunia nzima imewaona. Je, uliwauliza? Uliwaonyesha? Nyanya alipata nakala yake?

Jumapili hii, baada ya chakula, toeni zile albamu zilizo juu ya kabati. Waiteni wazee wakae karibu. Kila picha, mwandike nyuma yake jina la mtu, mahali na mwaka, na msimsahau yule aliyesimama pembeni ambaye vijana hawamjui. Fanyeni hivyo wakati yuko mtu wa kuwaambia.