Muuzaji Mwaminifu wa Santuri, London na Garsen

Anunuaye santuri iliyokwisha kutumika hununua vitu viwili kwa pamoja, sahani yenyewe na kauli ya mtu aiuzaye, na maadamu jicho haliwezi kusikia mlio wa sindano, kauli hiyo ndiyo aghalabu ilipiwayo fedha nyingi zaidi. Huku Uingereza niishiko, kauli imetiwa katika mizani. Discogs, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000 kama orodha ya santuri na baadaye ikawa soko, huwataka wauzaji wapime sahani zao kwa daraja zilizoenezwa na jarida la Goldmine, na kila aliyenunua huweza kuacha ushahidi wake, ukajumlishwa kuwa asilimia aisomayo mgeni kabla ya kutoa senti. Mfanyabiashara akiuza kwa mbali, kanuni za mwaka 2013 humpa mnunuzi siku 14, tangu apokee mzigo, za kughairi. Ni utaratibu wa insafu, ila daraja zake zina adabu ya kupita kiasi: sahani iitwayo nzuri sana huruhusiwa kukwaruza, na iitwayo nzuri tu hukwaruza toka mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo mimi hutazama kwanza jibu la muuzaji nimwulizapo kama sahani aliipiga akaisikiliza, au aliigeuzageuza tu chini ya taa. Asiyejibu simpelekei fedha, hata asilimia yake iwe mia.

Garsen, nchini Kenya, pale barabara ya Malindi kwenda Lamu inapouvuka Mto Tana, sikujua duka la santuri. Sahani nilizopata kuziona huko, na Ngao vilevile, zilikuwa majumbani, chini ya vitanda na juu ya makabati ya waliokuwa walimu, makarani na wenye maduka zama gramafoni ilipokuwa heshima ya sebule: sahani za waimbaji Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Fadhili William, na zile za lebo ya Mzuri, ya Assanand wa Mombasa. Maadui wa sahani hizo ni wawili, joto linalozipinda na mto unaozizamisha, kwa kuwa mafuriko ya 1961, ya 1997 na ya 2023 hayakuchagua kabati wala kitanda. Tope katika mifuo huoshwa kwa maji na sabuni nyepesi, lakini sahani iliyopinda ni shida kunyooka. Na zile nzito za kale, za mizunguko 78, zisiguswe kwa spiriti kabisa, kwani lakiri yake huyeyuka.

Huko muuzaji si mfanyabiashara, ni mrithi. Akikuambia sahani ni nzima hakuhadai; hana mashine ya kuipigia, na mara ya mwisho aliisikia marehemu baba yake angali hai. Zaidi ya hayo umeletwa na mjomba, umekaribishwa chai, na muhali umekushika ulimi hata huwezi kutaja ufa ulioko mbele ya macho yako. Heri kuchukua mashine ndogo ya betri, sahani ikajisemea yenyewe mbele ya wote, kama ilivyo katika kibanda cha muuza santuri James Rugami, Kenyatta Market, Nairobi, ambako huketi mtu akasikiliza ndipo akalipa.

Lakini nimefikiri sana juu ya jambo moja. Fikihi ya biashara tuliyofundishwa pwani humwajibisha muuzaji kuibainisha aibu ya bidhaa yake. Je, mnunuzi aijuaye thamani ya London, akatajiwa na mrithi bei ya kilo mbili za sukari, akalipa upesi na kuondoka, huyo naye tumwiteje? Huenda sheria isimkamate. Mimi namwona ni mwenzi wa yule auzaye sahani mbovu kwa jina la nzima, kwani wote wawili hula katika ujinga wa mwenzao. Tena Wapokomo, wenyeji wa huko Mto Tana, wamekwisha kuilipa Kenya: mwaka 1963, lahani ya wimbo wao wa kubembelezea watoto ikawa wimbo wa taifa. Hawadaiwi hisani nyingine.

Basi nawasihi wenzangu tulio ng'ambo: ukifika Garsen kutafuta santuri, mtajie mwenyewe bei ya huku kabla hajakutajia yake, isikilizeni pamoja, na ukiichukua, mrekodie nyimbo zake katika simu umwachie.