Hadi Kilimambogo kwa Baiskeli ya Mkate

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nilikuwa nikiikariri darasani kama kasuku. Maana yake hasa niliipata Jumapili moja ya mwezi wa Februari, nikiwa juu ya tandiko la baiskeli.

Mpenzi msomaji, kama unaishi Kayole kama mimi, au Umoja, au Komarock, panda juu ya ghorofa asubuhi ambayo mvua imenyesha usiku na hewa imetakata. Tazama upande wa macheo. Utauona mlima mmoja umesimama peke yake kwenye tambarare, kama mtu aliyeachwa na matatu. Huo ndio Kilimambogo, ambao kwa jina la Kimaasai ni Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Una urefu wa mita 2,145. Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nikiutazama huku nikianika nguo, nikijiambia, "Iko siku."

Binamu yangu ndiye aliyeniletea siku hiyo. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ana baiskeli ya gia ya mtumba anayoipenda kama mboni ya jicho. Kila jioni hunisimulia habari za mashindano ya baiskeli katika barabara za changarawe. Alinieleza kuhusu Migration Gravel Race, mashindano yaliyoanza mwaka 2021 huko Maasai Mara, ambapo waendeshaji hupita njia za vumbi na mawe kwa siku nne. Alinisimulia pia habari za marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akishindana katika barabara kama hizo kule Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33 tu. Binamu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkenya mwenzetu huyo. Sisi hata hapo Kilimambogo hatujafika."

Tatizo lilikuwa baiskeli. Nyumbani tuna moja tu, Black Mamba ya baba, nzito kama jiwe la kusagia, isiyo na gia, yenye keria pana ya chuma. Baba husambazia mkate madukani kwa baiskeli hiyo. Karo yangu, unga na kodi ya nyumba vyote hutoka kwenye magurudumu hayo mawili. Nilipomwomba aniazime, alinitazama kwa muda mrefu.

"Jumapili ni yako," akasema. "Jumatatu saa kumi alfajiri ni yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukashika Kangundo Road. Njiru ikapita, Ruai ikapita, Kamulu na Joska zikapita. Malori yalitupita yakivuma hata nikahisi usukani ukitikisika, basi tukateremka kando ya lami, penye udongo. Karibu na Malaa tulipita mwamba wa Koma, wenye jina moja na mtaa wetu wa Komarock. Kila penye mlima binamu alibadilisha gia, akapanda huku akipiga mluzi. Mimi nilishuka nikasukuma. Jasho lilinitiririka njia mbili mbili, na kusema kweli nilianza kuionea haya ile Black Mamba. "Hii ni punda wala si baiskeli," nililalama.

Tulipofika Tala tulikunywa chai kwa mandazi. Kutoka hapo tuliiacha lami kabisa, tukafuata njia za udongo mwekundu kuelekea kaskazini, katikati ya miembe na mashamba ya mahindi. Hapa ndipo somo lilipoanza. Binamu alinifundisha nipunguze upepo kidogo kwenye tairi ili lishike mawe. Alinionya nisibane breki ya mbele penye kokoto, maana gurudumu litateleza nami nitakwenda kupiga busu ardhi. Tena nisitazame jiwe lililo mbele ya tairi, bali nitazame mbali, mahali ninapotaka kupita. Palikuwa na mahali barabara ilijikunja mikunjo kama bati la paa, hata meno yakagongana. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia uwanja alitusimamisha.

"Nyinyi watoto mnatoka wapi?"

"Kayole, nyanya."

"Kayole ya Nairobi? Na baiskeli? Ngojeni basi niwape maji ya kunywa."

Saa tano unusu tulifika chini ya mlima. Ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967, na nyati bado wamo msituni. Hatukuwa na pesa za kiingilio, basi tulikaa nje tukautazama mlima. Huko juu amezikwa McMillan, yule tajiri aliyefariki mwaka 1925. Jina lake liko kwenye maktaba kubwa ya mjini, ambayo tawi lake la Kaloleni ndilo ninaloazima vitabu. Sikujua kuwa siku zote nilikuwa nikiliona kaburi la mwenye jina hilo kutoka juu ya ghorofa yetu.

Kisha tuliteremka hadi kwenye daraja la mto Athi, karibu na Maporomoko ya Kumi na Nne. Nilitarajia maji safi ya mashambani. Lo! Povu jeupe lilielea, na harufu yake niliijua fika. Mto Nairobi, ule ule unaopita kando ya Korogocho na Dandora, humwaga maji yake katika Athi kabla ya kufika hapo. Taka zetu zilikuwa zimetutangulia. Sikuwa na la kusema.

Tulipokuwa tukirudi, balaa likatukuta. Kwenye mteremko wenye kokoto nilikwenda kasi kupita kiasi, nikitaka kumwonyesha binamu kuwa hata punda hukimbia. Hamadi! Gurudumu la nyuma liligonga jiwe. Nilipoinuka kutoka mavumbini, goti lilikuwa likivuja damu, lakini sikulitazama. Nilitazama gurudumu. Spoki nne zilikuwa zimekatika na rimu imepinda hadi tairi likawa linagusa fremu. Masikioni mwangu nilisikia sauti moja tu: "Jumatatu saa kumi alfajiri ni yangu."

Tulisukuma baiskeli kama kilomita kumi hadi Tala, jua likituchoma utosini. Binamu hakupiga mluzi tena. Sokoni tulimpata fundi mzee chini ya mti. Aliitazama ile baiskeli ya gia, akatikisa kichwa. "Ingekuwa hii, ungelala hapa. Vipuri vyake sina." Kisha akaigeuza Black Mamba miguu juu, akafungua mkebe. Spoki zilijaa tele, kwani huku baiskeli za kubeba maji ni kama hizo zote. Aliinyoosha rimu kwa mikono na goti, akikaza spoki moja moja huku akisikiliza. Tulimpa shilingi zote tulizobaki nazo.

Tulifika Kayole saa tatu usiku, tukimulika njia kwa tochi ya simu. Baba alikuwa amekaa mlangoni. Hakuuliza kitu. Aliliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akaliangalia, akagusa zile spoki mpya kwa kidole. "Kaoshe hilo goti," akasema. Kulala sikulala.

Saa kumi niliamka kabla yake, nikamwomba niandamane naye. Kreti za mkate zilifungwa kwenye keria kwa mpira hadi zikampita kichwa. Nikitembea haraka nyuma yake, nilimwona akiingia kwenye vichochoro vyetu vya mawe, madimbwi na mitaro, gizani. Hakutazama jiwe la mbele ya tairi. Alitazama mbali. Breki ya mbele hakuigusa. Yote niliyofundishwa huko Tala kama elimu mpya, baba huyafanya kila siku akiwa na mzigo, na hakuna anayempigia makofi.

Sasa wenzangu, kuna jambo sijawahi kuwaambia. Yule mzee wa koti la kijani anayeleta mkate kwenye kantini yetu wakati wa mapumziko, yule ambaye baadhi yenu humwita "Buda Mkate" na kucheka, ni baba yangu mzazi. Tangu kidato cha kwanza, kila nikisikia kengele ya baiskeli yake langoni nilijificha nyuma ya maabara. Naye alijua, kwa maana hakuwahi kuniita hata siku moja.

Juma lililofuata kengele ililia. Nilitoka, nikamwamkia mbele ya watu, nikamshikia baiskeli akishusha kreti. Nanyi mkimwona kesho, mwamkieni.