Geuza Upande wa Pili

Jamani, mashine ya santuri niliyoinunua duka la mitumba hapa Leeds kwa pauni 15 ilikuwa inaburuta sauti kama mtu mwenye usingizi. Mota nzima, ila mkanda wa mpira ulishalegea. Nikaweka mpya, nikabandika kikaratasi ukingoni mwa sahani, nikahesabu: mizunguko 45 kwa dakika, sawasawa.

Kazi iko kwenye mkono wa sindano. Unasogeza uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, halafu unaongeza gramu 2 hivi, kadiri sindano yako inavyotaka. Ukizidisha, sindano inakula mifereji. Na santuri yenyewe ni ya Mbaraka Mwinshehe, marehemu tangu 1979. Mzee aliniviringishia kwenye shati nilipokuwa nasafiri, nyingine hana.

Jana nikampigia, simu nikaiweka karibu na spika. Kimya. Wimbo ulipoisha akasema, "Haya, geuza upande wa pili."