Gari Lililonyamaza

Kwa miaka thelathini na minne kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Watu wakiambiwa fulani ni fundi wa injini hufikiria spana na grisi, lakini msomaji aliyewahi kukaa gereji atakubaliana nami kwamba fundi mzuri kwanza huinamisha kichwa. Injini ikigonga, ikikohoa au ikivuta hewa pasipostahili, sikio hujua kabla ya mkono. Pale Gerezani, Dar es Salaam, nilikojifunzia kazi na baadaye kufungua gereji yangu, nilikuwa nikiletewa magari yaliyowashinda wengine, nami sifa hiyo niliipenda. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia haieleweki bila hayo.

Mwaka 2006 mteja wangu mmoja, mgeni aliyekuwa akirudi kwao baada ya kumaliza mkataba, aliniuzia kwa bei ya kutupa gari dogo la kuongozwa kwa redio. Lilikuwa la jamii ya yale malori yenye magurudumu makubwa ambayo T-Maxx, ya kampuni ya Traxxas ya Marekani, iliyapatia umaarufu tangu mwaka 1999. Urefu wake ulikaribia nusu mita, magurudumu yote manne yalivuta, na katikati yake palikuwa na injini ya kweli, ya mipigo miwili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2.5. Hiyo ni nusu ya kijiko cha chai! Alinipa na makopo manne ya mafuta yake, kila moja galoni moja.

Mafuta hayo si petroli. Ni methanoli, ikachanganywa na nitromethani na oili. Nitromethani hubeba oksijeni ndani yake, hivyo injini huweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile. Wala injini hiyo haipigi cheche. Plagi yake ina waya mwembamba uliojikunja, wenye platinamu ndani yake. Unaupasha moto kwa betri ndogo wakati wa kuwasha, kisha unaiondoa betri, na waya huendelea kuwaka wenyewe kwa joto la mlipuko na kwa jinsi methanoli inavyoikutana na platinamu. Plagi ya namna hiyo Mmarekani Ray Arden aliiingiza sokoni mwaka 1947, na mpaka leo ndiyo inayotumika.

Kila jioni ya Jumapili nilikwenda na binti yangu kwenye uwanja wa mpira jirani na nyumbani. Alikuwa na miaka sita. Watoto wa mtaa mzima walikusanyika, moshi wa buluu ukatanda, na kile kijigari kikalia kama nyuki aliyekasirika, mizunguko zaidi ya elfu thelathini kwa dakika. Nami nilisimama na bisibisi, nikirekebisha sindano ya kabureta kwa sikio. Mafuta yakizidi, sauti huwa nzito na gari huzubaa. Ukiyapunguza, sauti hupanda na kuwa kali, gari likaruka. Ukiyapunguza mno, umeiua injini, kwa kuwa oili yake imo humo humo ndani ya mafuta. Ukiinyima mafuta umeinyima na oili, huku joto likipanda. Mpaka kati ya ukali ule mzuri na ule wa kifo ni mwembamba sana, na sikio ndilo mlinzi wake.

Mwaka 2009 niliiua injini ile. Ilikuwa katikati ya uwanja, watoto wakishangilia. Nilikuwa nimeikaza sindano, nikaona bado, nikaikaza tena. Gari likaenda mbio kuliko siku zote, kisha likasimama ghafla. Injini ilikuwa imenoki. Binti yangu akauliza imekuwaje. Nikamjibu kwamba mafuta yamezeeka, yamenyonya maji. Jibu hilo lilikuwa na sura ya ukweli, kwani methanoli kweli hunyonya unyevu wa hewa, na kopo lile lilikuwa la mwisho. Mengine hayakupatikana mjini, na kuyaagiza kwa ndege haikuwezekana, maana ni bidhaa ya hatari. Basi gari likapanda juu ya kabati, likakaa miaka kumi na miwili.

Mwaka 2021 binti yangu, wakati huo mwanafunzi wa ufundi wa umeme, alilishusha, akalipangusa vumbi, akasema, "Baba, hili tulitie mota ya umeme. Ile isiyo na brashi."

Nilikataa. Nilimwambia gari lisilolia si gari. Akacheka, akaniacha, na baada ya wiki akaja tena na karatasi yenye mchoro. Mota za zamani, akanieleza, hupeleka umeme kwenye koili zinazozunguka kwa kupitia vipande vya kaboni vinavyosuguana na kuisha. Hii mpya imegeuza mambo: koili zimetulia, sumaku ndiyo inayozunguka. Sumaku zenyewe ni za neodimiamu, zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Japani na Marekani, zenye nguvu kubwa kwa umbo dogo. Nyaya tatu hutoka kwenye kidhibiti mwendo, nacho huzipa umeme kwa zamu ili sumaku izifukuzie koili bila kugusana nazo. Mota aliyoichagua ilikuwa ya mizunguko 2,000 kwa kila volti. Kwa volti 14.8 hufika 29,600 ikiwa haina mzigo. Nikaitazama hesabu ile, nikaona ni kasi ya injini yangu ya zamani. Sikuwa na hoja iliyobaki.

Mota na kidhibiti tuliviagiza China. Betri mbili za lithiamu, kila moja ya volti 7.4, alikuja nazo shemeji yangu kutoka Dubai ndani ya mzigo wa mkononi, kwa kuwa betri za ukubwa ule huruhusiwa kwa abiria. Tukaanza kubomoa. Tangi, ekzosi, injini, klachi, diski ya breki, vyote vikatoka. Klachi haikuhitajika tena. Injini haina nguvu ikiwa imesimama, ndiyo maana huhitaji klachi ya kuiunganisha polepole na magurudumu, lakini mota huvuta kwa nguvu tangu mzunguko wa kwanza. Breki na rivasi navyo vikawa kazi ya mota hiyo hiyo. Nikakata bati nene la alumini, nikalibana kwenye jiliwa, nikalipiga tupa mpaka likawa kiti cha mota.

Siku ya tatu binti yangu alikuwa akitafuta skrubu ndani ya kopo langu la vitu vidogo. Akatoka na plagi ile ya zamani pamoja na pistoni. Mimi ni mtu wa gereji, sikuwahi kutupa kitu. Waya wa plagi ulikuwa umekatika na kupauka, na ubavu wa pistoni ulikuwa na mikwaruzo mirefu. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Mtoto aliyekulia gereji hafichwi mambo kama hayo.

"Baba," akasema taratibu, "haya si maji. Hii ilikosa mafuta. Siku ile ilikuwa inaliaje?"

Nikanyamaza kitambo. Kisha nikasema neno ambalo nilikuwa sijalitamka mbele ya mtu yeyote. "Sikusikia, mwanangu."

Hapo ndipo nilipomweleza yote. Sauti nyembamba zilikuwa zimeanza kunipotea hata kabla ya mwaka ule. Ndege wa asubuhi walikuwa wamenyamaza, nami nikadhani wamehama mtaa. Gereji nilikuwa nimeanza kumtanguliza kijana wangu wa kazi asikilize, nikijifanya namfundisha, kumbe namuazima masikio. Kelele zinazozidi desibeli 85, zikisikilizwa kutwa kwa miaka mingi, huua masikio, na sauti za juu ndizo hutangulia kupotea. Nilikuwa nimefanya kazi miaka yote bila hata pamba. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio changu kilikuwa cha injini ndogo, nami peke yangu sikukisikia.

Hakunilaumu. Aliiweka pistoni mezani, akasema, "Basi shika hapa, tufunge mota."

Kazi iliyobaki ilikuwa kuyakutanisha meno ya gia ndogo ya mota na gia kubwa ya giaboksi. Yakibanana sana hujila, yakiachana sana hurukana na kunyolewa. Gia ya kwanza, ya plastiki, ilinyolewa siku ya majaribio, kwa kuwa nguvu ya mota huja yote kwa mara moja. Tukatia ya chuma. Binti yangu alijaribu kusikiliza mlio wa meno, akarekebisha, akakosea. Nikamwomba nafasi. Nikaweka kipande cha karatasi kati ya meno, nikasukuma mota mpaka ikashika, nikakaza skrubu, nikaitoa karatasi. Halafu nikaigusa gia kubwa kwa ncha za vidole, nikaichezesha mbele na nyuma. Ule mchezo mdogo, unaopaswa kuwepo usiozidi, niliuhisi waziwazi. Nikamwambia, "Washa." Likaenda.

Jumapili tulirudi uwanjani. Gari lilipita mbele yangu kwa kasi, likatimua vumbi, nami sikusikia chochote. Watoto walinieleza kwamba linalia kidogo, kama mbu. Hapakuwa na moshi, na nakiri kwamba niliukumbuka. Kidhibiti kilipoona kila seli imeshuka kufika volti 3.2 kikalipunguza mwendo ili betri isiharibike. Binti yangu akalileta, nikaigusa mota kwa kiganja: moto, lakini unashikika. Nikamwambia aipunguzie gia jino moja. Akaandika kwenye daftari lake.

Wiki iliyofuata alinipeleka kupimwa. Sasa nina kifaa kidogo nyuma ya sikio langu, nacho pia kinatumia betri. Hakirudishi kila kitu. Mlio wa gari bado siupati, ila ndege wamerudi, na nimejua kwamba hawakuhama. Gereji nimewaambia vijana ukweli, nao huniletea gia, beringi na shafti, wakisema, "Mzee, hebu guse hii." Naigusa, nawaambia ninachohisi, kisha nawauliza wamesikia nini.